Lebo za Ijumaa

Ukitaka kumjua Mwalimu, anza na hodi yake. Sisi watu wa Mocímboa, huku kaskazini mwa Msumbiji, tumefundishwa tangu chuoni: unapiga hodi, unangoja, unapiga ya pili, unangoja, ya tatu ukiwa hujaitikiwa, unageuza uende zako, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Mwalimu aliishika adabu hiyo bila kukosa, isipokuwa hapo pa kungoja. Hodi zake tatu zilitoka kwa pumzi moja. Uko jikoni, mikono imejaa unga, unasema karibu huku unatafuta kanga, na ukifika mlangoni unauona mgongo wake unakata kona. Nimemkimbilia njiani mara nyingi kuliko nilivyomkaribisha ndani. "Nilibisha, dada, sikuitikiwa," ndivyo alivyosema kila mara, wala hakuwa na kinyongo.

Na siku ukimuwahi ukauliza "nani?", alijibu "mimi." Mimi nani? "Mimi, dada, fungua." Jina hataji. Wanafunzi walimwita Mwalimu, polisi walimwita Mwalimu, na mkewe wa ndoa alimwita Mwalimu hata siku wanagombana. Yeye mwenyewe majina ya watu hayakumkaa kichwani. Darasani aliwaita watoto kwa dawati, wewe wa dirishani, wewe wa mguu uliovunjika, na mguu uliovunjika ulikuwa wa dawati. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitwika kazi ya kutengeneza vitu vinavyotaja majina yao. Mungu hutugawia kazi anavyotaka.

Alifundisha fizikia shule ya sekondari. Mimi nilikuwa na padaria karibu na soko, tanuri la matofali linalokula kuni, na nilikuwa naoka mchana ili watu wapate mkate wa jioni ukiwa bado moto. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Yeye alinunua mkate kila siku, alianza kuula kabla hajapokea chenji, na aliula akitembea. Padaria ilikuwa na benchi. Walimu wengine walikaa pale, wakazungumza, wakanichosha. Mwalimu benchi lile alilitumia kuweka mguu mmoja anapofunga kamba ya kiatu.

Gesi ilipoonekana baharini upande wa Palma, mji mzima ulianza kuhangaika. Huyu anajifunza Kiingereza, yule anajifunza kuendesha mashine za kunyanyua mizigo, mwingine amepaka rangi nyumba ya bibi yake akingoja mgeni wa kupanga. Kila mtu alijiandaa kwa kitu ambacho hajakiona. Wageni walikuja, wakapima, wakaondoka, wakaja wengine. Ukiuliza lini kazi zitaanza unaambiwa karibuni, na sisi tukawa hatulali vizuri kwa hilo neno karibuni. Mwalimu kidogo alifurahi, nadhani, kwa sababu kwa mara ya kwanza mji wote ulikuwa unakwenda mwendo wake.

Siku moja walimu walipelekwa Palma kutembezwa kwenye yadi ya mabomba ya kampuni moja ya gesi. Wenzake walirudi na kofia za bure. Yeye alirudi na tatizo. Alinieleza nikiwa natoa mikate, hakungoja nimalize. Mabomba yale, alisema, yakishaunganishwa kwa moto hufungwa blanketi za waya na kuchomwa tena, taratibu, mpaka chuma kinalegea na kutulia, ndipo hakipasuki baadaye. Kila bomba lina namba yake na mahali pake. Lakini moto ule ukipita, rangi imeungua, karatasi imeungua, lebo ya plastiki imekuwa uji. Halafu watu wazima wanasimama mbele ya mabomba mawili wanabishana lipi ni lipi. "Na gesi si maji, dada. Bomba likikaa pasipo pake, siku moja litawaambia lenyewe."

Wenye yadi walikuwa wamesema kwamba mtu yeyote wa mkoa huu atakayeleta lebo ya kustahimili moto ule, ndogo isiyozidi kokwa ya tende, watamruhusu aijaribu kwenye bomba la kweli. Ikipita, watampa kazi ya kuzitengeneza. Wenzake waliona hayo ni maneno ya kupamba mkutano. Yeye aliona ni mtihani umetolewa na muda unakwisha.

Nilimuuliza lebo yenyewe ni mdudu gani. Akaniambia ni mtu aliyelala ndani ya nyumba. Haina betri, haina chakula chake. Kinakuja kisomaji mlangoni, kinapiga hodi kwa redio, na hodi ileile ndiyo inayompa aliyelala nguvu ya kuamka. Akiamka anataja jina lake, basi, anarudi kulala. "Hana kazi nyingine duniani. Kutaja jina tu." Nikamwambia hiyo ni kazi iliyokushinda wewe mwenye digrii. Akacheka, akaniomba tanuri.

Sasa nimseme mkewe, maana bila yeye habari hii haina miguu. Alikuwa mwanamke mrefu, Mmakonde wa Diaca, na katika watu wote niliowajua hakuna aliyekuwa na utaratibu wa kujibu kama wake. Unamuuliza amelalaje, anaangalia mbali kwanza, analifikiria swali, ndipo anakupa jibu, na jibu hilo ni la kweli. Mara nyingi nilijiuliza walioanaje hawa wawili. Nafikiri Mwalimu alishaoa kabla jibu la posa halijafika.

Alikuwa amemfuata Mwalimu kila alikohamishwa, Macomia, Nangade, Pemba, kisha kwetu. Kila mahali alipanda mihogo nyuma ya nyumba ya serikali, na kila mahali aliiacha haijakomaa. Kwao Diaca kulikuwa na shamba la marehemu mama yake, lenye mikorosho, na alilitaka. Mwalimu alipoacha kazi ya shule ili ashughulike na lebo peke yake, mke alikuja naye padaria. Akaangalia mbali kwanza, akasema, "Miaka yote nimekwenda unakokwenda. Na hii nayo nitaisubiri. Lakini wakizikataa hizo lebo zako, nataka unifuate mimi." Mwalimu akajibu palepale, "Wakizikataa, nafunga sanduku la nyaya, tunakwenda Diaca, sirudi nyuma. Wakizikubali, nafungua karakana hapa, unabaki nami." Mke akanigeukia. "Umesikia? Wewe ndiye shahidi." Nikasema nimesikia. Sikuipenda kazi ile, maana hawa wote wawili nilikuwa nawapenda, na jambo lile lilikuwa na upande mmoja tu wa kushinda.

Hapo ndipo tanuri langu lilipopata mpangaji. Mkate huokwa kwa moto uliokwisha kupungua. Yeye alitaka moto wa mwanzo, kuni zinapounguruma na matofali yanapogeuka meupe. Tukapatana kwamba naye aoke kwanza, kisha nifagie nioke mimi. Alianza na vitu vya kuuawa. Plastiki ilikufa. Waya uliounganishwa kwa risasi ulikufa, risasi imetiririka. Akaja na kauri. Kauri ya wapi? Ya plagi. Alizunguka kwa mafundi wa pikipiki akiomba plagi zilizokufa, akazivunja, akatoa ile sehemu nyeupe, akaikata kwa diski mpaka nyumba nzima ikawa na vumbi jeupe na mke anapika huku amejifunga kitambaa puani. Juu ya kauri alichora antena kwa uji wa fedha, mistari myembamba iliyokunjwakunjwa, akaichoma ikagandamana. Chipu, ndogo kama punje ya mchanga, aliiagiza kwa mfanyabiashara mmoja anayekwenda Joni, Afrika Kusini, akaichimbia kichumba katikati na kuacha hewa kidogo pembeni ili moto uchelewe kuingia.

Nilijifunza mengi nisiyoyahitaji. Nilijifunza kwamba wimbi la redio likiingia kwenye kauri linapunguza mwendo, kwa hiyo antena inaweza kuwa fupi na bado ikasikia. Nilijifunza kwamba chuma cha bomba kinaimeza sauti, kwa hiyo lebo lazima iinuliwe kidogo ikae juu ya ngazi yake. Nilijifunza kwamba ukiifanya kubwa inasikika vizuri lakini wenye yadi hawaitaki, na ukiifanya ndogo inanong'ona. Alihangaika na hilo la kunong'ona mpaka akakonda. Alizikata, akazipunguza, akazinyanyua, akazikata tena. Neno lake lilikuwa "bado." Ukimsalimia, bado. Ukimuuliza amekula, bado. Nikamwambia siku ukifa na malaika wakakuuliza swali utawajibu bado.

Kisomaji alikitengeneza mwenyewe ndani ya kasha la redio kuukuu, antena yake bati la mafuta ya kupikia. Ukibonyeza, taa ndogo ya kijani ilipepesa mara tatu. Lebo ikijibu, inawaka nyekundu na namba inatokea. Isipojibu, taa inazimika, kimya. Alizitoa lebo tanurini kwa koleo, akaziweka juu ya tofali, akabonyeza papo hapo, kijani, kijani, kijani, kimya. "Hayupo," alisema. Alikuwa na msemo wake, kwamba kisichojibu hakipo, na aliutumia kwa lebo, kwa ofisi za serikali na kwa watu. Kisha aliichukua ile lebo, akaitia kwenye kinu changu cha kisamvu, akaitwanga. Hakutaka kuona maiti zimelala mezani. Nilipiga kelele kuhusu kinu changu, akaninunulia kingine, na hicho nacho akakitumia.

Ila Ijumaa mambo yalikuwa tofauti. Ijumaa alizitoa lebo tanurini muda wa swala umefika, akaziacha kwenye tofali, akakimbia msikitini na viatu vya kuazima. Akirudi akibonyeza, nyekundu. Jina linatajwa. Si zote, lakini nyingi. Jumamosi anaoka tena, kimya. Jumatatu kimya. Ijumaa, nyekundu. Mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Yeye alisimama, akafikiri kwa miguu. Nikamtania kwamba hata lebo zake zinakwenda kuswali. Yeye akagundua kwamba siku za Ijumaa alikuwa ametumia plagi za mashine za boti badala ya za pikipiki, akaapa siri iko kwenye kauri ile. Alikwenda mpaka kisiwani Rongui, akawaomba wavuvi plagi zao mbovu, akarudi na mfuko mzima, ananuka samaki, anang'aa kwa furaha. Wavuvi walidhani ni kichaa na walimhurumia wakampa na pweza.

Ubaya wa Mwalimu, na alikuwa na ubaya, ni kwamba hakumngoja mtu amalize sentensi. Nilimwona akiwatoa machozi watoto wazuri darasani kwa sababu tu walianza jibu kwa "eee." Lakini mtoto huyohuyo akifiwa, Mwalimu ndiye wa kwanza kufika matangani, na ndiye wa kwanza kuondoka. Alinisomea barua za kodi bila kuniuliza kitu, akazijibu, akaniambia weka sahihi hapa, tusonge. Alimpenda mkewe, hilo sina shaka nalo. Alimletea kitambaa kila alikokwenda. Hakuwahi kukaa amwone amekivaa.

Mvua za kwanza zilipokaribia, jibu la yadi la siku ya majaribio lilikuwa halijaja. Mke alifunga mizigo. Akaniambia, "Natangulia kupanda. Mihogo haimngojei mtu wa gesi." Akaniomba niende Palma siku ile ikifika, kwa kuwa mimi ni shahidi, nimpelekee habari ya kweli. Mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi mbio tanurini.

Siku ikaja. Yadi ile ilisimamiwa na binti mmoja mhandisi, mtu wa Beira, tuliyemwita Engenheira, mpole, Kiswahili chake cha kuokotezea. Lebo zilifungwa kwenye bomba kwa vikamba vya chuma, blanketi zikafunikwa, moto wa umeme ukapandishwa taratibu ukashushwa taratibu. Tulikaa kivulini. Mimi nilikaa, nasema. Mwalimu aliizunguka yadi mpaka mlinzi akamuuliza kama kapoteza kitu. Blanketi zilipofunuliwa bomba lilikuwa bado linapumua joto, hata usoni ulilihisi. Engenheira akasema kwa Kireno chake cha upole, "Tuiache ipoe, Mwalimu. Twende tule kwanza."

Mwalimu tayari alikuwa ameshafika kwenye bomba na kasha lake la redio. Kijani, kijani, kijani, kimya. Lebo ya pili, hivyohivyo. Ya mwisho, hivyohivyo. Nilimwangalia usoni nikaona umri wake wote kwa pamoja. Akachukua koleo, akaanza kuzing'oa. Moja ilikataa, kikamba kimeng'ang'ania, akaiacha.

"Ngoja tujaribu na kisomaji chetu," Engenheira akasema.

"Nimebisha," akajibu. "Hazikuitika. Asanteni kwa chakula." Na chakula kilikuwa hakijapakuliwa.

Tukarudi. Mjini alifunga sanduku la nyaya kwa kamba, akaniachia na kile kisomaji. "Nakwenda Diaca," akasema. "Niliahidi." Nilimhurumia, lakini kwa upande wa mkewe, shoga yangu, nilifurahi, nikamfungia mikate ya njia.

Yaliyotokea Diaca niliyasikia kwanza kwa kijana wa pikipiki aliyempeleka. Walifika mchana. Mwalimu alishuka, akasimama uani, akapiga hodi zake. Hakuitikiwa. Akarudi kwenye pikipiki, akasema, "Hanitaki. Nirudishe barabarani." Kijana alimwambia mzee, moshi unatoka jikoni. Mwalimu akasema nimebisha. Akapanda gari la Nampula, akapata kazi ya kufundisha huko, na simu yake ikawa haipatikani.

Wiki ileile Engenheira alisimama mlangoni kwangu na kitambaa mkononi. Ndani mlikuwa na lebo iliyokataa kung'oka. Akaniambia kisomaji chao hakina kuchoka, kinaita tu, kinaita tu mpaka mtu akizime. Walikiacha pale mezani wakaenda kula. Waliporudi bomba limepoa kiasi cha kugusika kwa glavu, na lebo ilikuwa inataja jina lake bila kukosea. Ikiwa na joto kali inapoteza sauti kidogo, kauri inabadilika, akasema, kisha inarudi. Hilo lilikuwa linawatosha kabisa. Walitaka nyingine. "Yuko wapi Mwalimu?"

Nilituma watu Nampula wamtafute, hawakumpata. Nilituma ujumbe Diaca kwa mkewe, lebo zimekubaliwa, mumeo yuko wapi? Jibu lake lilichukua siku zake kufika, likawa neno moja: "Hayuko." Engenheira alikuja tena, akaja tena, kisha akaacha kuja. Aliniachia ile lebo niitunze. Nikaiweka kwenye kopo la hamira.

Kisha vita vikatukuta. Sitasimulia hapa, kila nyumba ina yake na mimi nimechoka kusimulia. Yadi ilifungwa, mji ukakimbia. Mimi nilitoka na watu wangu, kopo la hamira, na kile kisomaji ambacho hata sijui kwa nini nilikibeba. Pemba nilijenga tanuri jingine, dogo, na nyuma yake chumba. Siku moja alikuja mwanamke mrefu kutoka Diaca, vumbi mpaka kwenye kope, kitanda cha kamba kichwani. Sikumuuliza kitu. Nilimpa chumba kile.

Ilipita miezi ndipo akanijibu swali nililokuwa sijaliuliza. Tulikuwa tunachambua mchele. "Siku ile nilikuwa ndani," akasema. Nikaacha mchele. "Nilikuwa nafunga kanga. Nilimsikia. Nikasema, huyu ameviita vile vijiwe vyake mwaka mzima, mimi ataniita mara ngapi? Nikaulegeza mkono, makusudi. Nilitaka kusikia ya nne." Akachagua kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nikasikia pikipiki." Akaniapisha nisimwambie mtu, na kama Mwalimu yu hai, yeye zaidi ya wote. Nikaapa, na nikaona uchungu, maana niliwaona wote wawili wajinga na sikuwa na wa kumlaumu.

Ndipo juzijuzi, baada ya alasiri, mikate iko motoni, nikasikia: hodi-hodi-hodi. Tanuri langu la sasa limeelekea barabarani, hapana kona ya mtu kukata. Nikamshika mkono kabla hajageuka.

Alikuwa amezeeka, kichwa cheupe, shati la heshima limefungwa vifungo vibaya. Alikuwa anapita kambi hadi kambi za waliokimbia, anauliza watu wa Diaca. Nilimwambia akae. Akasema anapita tu. Akashika mkate, akaanza kuula amesimama.

"Watu wa Diaca umewauliza nini?" nikasema.

"Kama yu hai. Basi. Sina haki ya zaidi."

Nilikuwa na kiapo shingoni. Nikaenda kwenye kopo la hamira, nikatoa lebo, nikaiweka kiganjani mwake. Aliitambua kabla sijaondoa vidole. Nikamweleza yote ya Engenheira, kisomaji kisichochoka, bomba lililopoa, jina lililotajwa, watu waliokuja kumtafuta tena na tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumaliza sentensi mbele yake.

"Ilijibu ya ngapi?" akauliza.

"Sijui. Wenzako hawahesabu."

Aliigeuza lebo, akaigeuza tena. Kile kisomaji kilikuwa juu ya rafu, kimejaa unga. Akakitazama. "Mimi nilikiwekea tatu," akasema.

"Nani alikwambia ukiwekee tatu?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndivyo watu wanavyobisha." Nikaona midomo yake inahesabu, tofali langu la zamani, kinu changu, lebo zote zile alizozitwanga zikiwa zinataka muda tu. "Za Ijumaa," akasema. "Dada, zile za Ijumaa. Haikuwa plagi. Nimezitwanga zikiwa hai."

Nikafuta mikono kwenye kanga. Kiapo changu kilikuwa cha neno moja tu, na neno hilo sikulisema. "Mkeo yuko chumba cha nyuma," nikamwambia. "Nenda kabishe."

Alitangulia, mimi nikabaki pembeni ya tanuri, ninapouona mlango. Akasimama. Akakifungua kifungo kimoja cha shati akakifunga palepale pabaya.

"Hodi," akasema. Akangoja. Sikuwahi kumwona akingoja, mikono ilikuwa haijui iende wapi.

"Hodi."

Ndani kimya. Nilijua yumo, nilikuwa nimemwacha anakunja nguo.

"Hodi."

Kimya. Niliona bega lake likianza kugeuka, kwa mazoea tu, mguu nao ukalifuata. Nilitaka kupiga kelele, hata kiapo kivunjike. Mwili wake nusu ulikuwa umeelekea barabarani, nusu mlangoni, na ile lebo iko kiganjani. Akaitazama. Kisha akaurudisha mguu.

"Hodi," akasema, ya nne, na sauti ilikuwa imeshuka. Mikate ilianza kunukia kuungua, nikaiacha iungue. Akangoja. "Hodi." Akangoja tena. "Hodi."

Nikasikia kitanda cha kamba kikilia. Kisha sauti yake, ya taratibu ileile. "Nani?"

"Mi..." akaanza, akaacha. Akavuta pumzi, akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Ndiyo mara ya kwanza nalisikia jina la Mwalimu. Ni jina la kawaida, hata vijana wawili hapa mtaani wanalo. Silitaji hapa, halikutajwa kwa ajili yangu.

Ndani kulikuwa na ukimya wa kufikiria.

"Nafunga kanga," mkewe akasema. "Subiri."

Mwalimu akakaa kizingitini, akasubiri.